Kiambatisho cha mwendo mdogo kwa mkono wa roboti: kunakshi kwa kina cha mm 0.1 bila mkono mkubwa wa gharama

Mwongozo huu ni kwa karakana za Mtwara na Lindi zenye mkono mdogo wa roboti na kazi zinazodai usahihi kuliko mkono wenyewe unavyoweza: vibao vya shaba vya mashine za kubangulia korosho, namba kwenye vipuri, nembo kwenye mpingo, alama za vituo (nukta za katikati ya tundu) kabla ya kutoboa.

Mikono midogo ya kiwandani huandikwa kwamba hurudi palepale kwa tofauti ya mm 0.02 hadi 0.05. Namba hiyo ni ya kweli, ila inahusu kurudi kwenye nukta ileile, mkono ukiwa mtupu na hewani. Haisemi ncha ya kukatia itakuwa wapi kibao kikiwa kimepinda kidogo, shaba ikiisukuma ncha juu, na bati la karakana likiwa limepashwa na jua la saa saba mchana. Alumini hurefuka kwa maikroni 23 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mkono wa mm 700 ukipanda nyuzi 5 tu tangu asubuhi, umerefuka mm 0.08, na kina chote unachotaka ni mm 0.1.

Njia ya kutoka hapo ni kuacha kuutegemea mkono kwa usahihi. Mchongaji wa Kimakonde anapofikia jicho la kinyago huegemeza kidole kidogo kwenye mti wenyewe, kisha patasi inasogea kwa vidole tu, bega halihusiki. Kiambatisho hiki kinafanya hivyo: mkono wa roboti unabeba kifaa hadi mahali, kifaa kinaegemea kazi kwa pua yake, na sehemu ndogo ndani yake ndiyo inayoshusha ncha. Umbali unaohusika na usahihi unashuka kutoka mm 700 hadi takriban mm 60, na nyuzi zilezile 5 za joto sasa zinaleta mm 0.007.

Muundo kwa ufupi

Kuna vipande vitatu. Fremu A inafungwa kwenye kifundo cha mkono. Fremu B inabeba pua, maikromita na mota. Kibebeo C kinabeba spindeli, yaani mota inayozungusha ncha. A na B zimeunganishwa kwa mabapa manne membamba ya chuma cha springi, ili B ielee juu na chini lakini isiyumbe pembeni. B na C zimeunganishwa kwa mabapa manne mazito zaidi, na huo ndio mwendo mdogo wenyewe: mm 0.3 juu na mm 0.3 chini.

Tunatumia mabapa badala ya reli na beringi kwa sababu bapa halina mchezo (kulegea kunakoruhusu kuyumba), halihitaji grisi, na vumbi la mpingo halina pa kuingia. Reli ndogo za bei nafuu huwa na mchezo wa maikroni kadhaa tangu dukani, na kwa hewa ya chumvi ya huku pwani zinaanza kukwaruza mapema.

Vitu vya kuandaa

Mabapa 4 ya unene wa mm 0.50 na 4 ya mm 0.30, upana mm 13, urefu mm 70 au zaidi. Fila geji (mabapa ya kupimia nafasi nyembamba) za maduka ya spea za magari zinafaa kabisa, maana zimetengenezwa kwa chuma cha springi. Tatizo ni kwamba seti moja ina bapa moja tu la kila unene, kwa hiyo utahitaji seti 4 za aina moja, au uagize utepe wa chuma cha springi. Ukipata utepe wa chuma kisichoshika kutu, chukua huo.

Kichwa cha maikromita cha pichi ya mm 0.5 (mzunguko mmoja husogeza mm 0.5), mota ya hatua yenye hatua 200 kwa mzunguko, uso wa mm 42, puli za mkanda wa meno wa GT2 za meno 20 na 60, na mkanda wa upana wa mm 6, gololi moja ya beringi ya mm 5, springi 2 ndefu za kuvuta, kila moja ikivuta nyutoni 10 (sawa na kuinua kilo moja) ikiwa mahali pake, spindeli ndogo yenye koleti (kibanio cha ncha) ya ER11, uzito usizidi gramu 300, alumini ya unene wa mm 25 kwa fremu, bamba za chuma za mm 3 kwa klampu, bolti za M4, na kipande cha asetali (plastiki ngumu inayoteleza) kwa ajili ya pua.

Kwa kupima: venia, maikromita ya kawaida, na dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) ya mm 0.01. Ukiweza kuazima ya mm 0.001, azima.

Kifaa kizima kitafika kilo 1.3 hivi, na bado kinasukuma kazi. Mkono uwe na uwezo wa kubeba kilo 3. Mikono ya plastiki ya kufundishia haifai kwa hili.

Hatua ya 1: Upime mkono kwanza

Funga dayo geji mezani, iguse kifundo. Ning'iniza nusu kilo kwenye kifundo usome kimeshuka kiasi gani. Nusu kilo ni nyutoni 4.9. Kikishuka mm 0.12, ukakamavu wa mkono, yaani nguvu ya kuusogeza milimita moja, ni nyutoni 40 kwa kila milimita. Rudia ukivuta kwa upande, kwa kamba inayopita juu ya puli. Andika namba zote mbili, ile ya pembeni utaihitaji kwenye hatua ya 6. Pima katika mkao uleule utakaofanyia kazi, kwa sababu mkono ulionyooka hulegea kuliko uliokunja kiwiko.

Hatua ya 2: Mabapa na klampu

Hapa ndipo kifaa kinapoharibikia mara nyingi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Pima kila bapa kwa maikromita sehemu tatu. Ukakamavu wa bapa hufuata kipeo cha tatu cha unene (unene × unene × unene): la mm 0.52 ni kakamavu kwa asilimia 12 kuliko la mm 0.50, na ukilichanganya na wenzake, kibebeo kitakuwa kinainama kila kinaposhuka. Panga yanayolingana pamoja.

Usitoboe mabapa. Ncha ya kawaida ya kutobolea itateleza juu ya chuma hicho na kuungua, na hata ukifanikiwa, tundu ndipo ufa utakapoanzia. Badala yake pitisha bolti za M4 pembeni mwa bapa, moja kila upande, na bamba la mm 3 juu yake libane. Nyuzi za bolti ndani ya alumini zishike angalau mm 8. Kaza kwa Nm 2.5, ukienda bolti moja na nyingine kwa zamu.

Ukikata bapa kwa grenda, lipoze kwa maji kila baada ya sekunde chache. Sehemu iliyogeuka buluu imelainika. Ikate, au hakikisha inabaki ndani ya klampu.

Urefu ulio huru kati ya klampu na klampu uwe mm 40 kwa mabapa yote manane. Kingo za bamba la juu na za alumini ya chini zilingane kabisa; weka kipande cha chuma cha mm 40 kilichopimwa katikati wakati wa kukaza, kisha kitoe. Tofauti ya mm 1 hapa inabadilisha ukakamavu kwa asilimia 8. Vunja makali ya kingo kwa msasa laini, kidogo tu, ili yasichimbe bapa.

Kwa vipimo hivi, mabapa manne ya mm 0.50 yanatoa nyutoni 20 kwa kila mm ya mwendo, na yale ya mm 0.30 yanatoa nyutoni 4.4. Jozi ya juu na jozi ya chini ziwe mbali kwa mm 50. Zikikaribiana zaidi, ncha itachezacheza kama jino lililolegea.

Bapa likijipinda, kibebeo kinasogea pembeni kidogo pia, maana bapa halirefuki. Kwa mwendo wa mm 0.3 ni maikroni 1.4 tu, haionekani. Kwa mm 1 inafika maikroni 15. Ndiyo sababu tunabaki na mm 0.3 ingawa chuma kingeweza kupinda zaidi.

Hatua ya 3: Maikromita, gololi na springi

Funga kichwa cha maikromita kwenye fremu B kikielekea chini. Gandisha gololi juu ya kibebeo C kwa gundi ya epoksi, ndani ya kishimo kilichochimbwa, ili uso bapa wa maikromita uisukume. Springi mbili zifungwe kulia na kushoto kwa maikromita, zikivuta C juu. Zote tatu ziwe kwenye mstari mmoja, na mstari huo uwe karibu na mhimili wa ncha kadiri spindeli itakavyoruhusu. Springi ikiwa upande mmoja tu, C itainama.

Hesabu ni hii. Springi zinavuta juu kwa nyutoni 20. C pamoja na spindeli ni gramu 450, uzito unaovuta chini kwa nyutoni 4.4. Gololi basi inabanwa kwa nyutoni 15.6 katikati ya mwendo. Mwisho wa juu mabapa yanasukuma chini kwa nyutoni 6, zinabaki 9.6, mwisho wa chini zinafika 21.6. Hakuna mahali gololi inapoachia uso wa maikromita, na mchezo wote wa nyuzi za maikromita umekwisha. Tena shaba inaposukuma ncha juu, inaongeza mbano, haipunguzi.

Puli ya meno 60 itobolewe kwenye mashine ya kukereza ikae juu ya shina la maikromita, ibanwe kwa skrubu mbili. Itapanda na kushuka mm 0.3 pamoja na shina. Mkanda unavumilia hilo. Usiunge mota moja kwa moja na maikromita kwa kopulingi: kopulingi itasukuma shina kwa urefu wake, na utasoma kosa usiloelewa linatoka wapi.

Hatua ya 4: Mota na mipangilio

Kwa GRBL, programu ya kuendesha mota inayokaa kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno, hatua kwa kila milimita ni 200 × 16 × 3 ÷ 0.5 = 19,200: hatua za mota, mgawanyo wa kila hatua kwenye draiva, uwiano wa puli, na pichi. Iandike kwenye $102. Kasi ya juu, $112, iwe 60, yaani milimita moja kwa sekunde. Hapo Arduino Uno inatoa mapigo 19,200 kwa sekunde na bado ina nafasi. Mwongezo wa kasi, $122, weka 10. Weka $1=255 ili mota isiachiwe, lakini punguza mkondo wa umeme hadi mota iwe vuguvugu tu mkononi. Mota ya moto iliyofungwa karibu na mabapa inapasha fremu B, na kina kinaanza kutembea polepole bila sababu inayoonekana.

Programu ya mkono na ya kiambatisho ni mbili tofauti. Mkono umalize kusogea, usubiri nusu sekunde utulie, ndipo utoe ishara. Ikiwa mkono unatoa volti 24, pitisha ishara kwenye optokapla ya PC817, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme. Uno haivumilii volti 24.

Hatua ya 5: Pua

Kereza asetali iwe pete ya kipenyo cha mm 12 nje na mm 5 ndani, ukingo wa nje uwe umeviringwa. Isugue kwa msasa wa 1000 na kuendelea hadi iteleze. Pua ya shaba juu ya kibao cha shaba hukwama mno. Tefloni huteleza vizuri lakini ni laini, chembe za shaba zinazama ndani yake na kuchora mistari kwenye kazi ya mteja.

Pua ni ndogo kwa makusudi. Kibao kikiinama digrii 1, pua inagusa kwa ukingo mmoja tu, na kwa nusu kipenyo cha mm 6 umepoteza mm 0.1, kina chako chote. Kwa hiyo kabla ya kazi, funga dayo geji kwenye kifundo, iendeshe juu ya pembe tatu za kibao, na weka karatasi au bamba nyembamba chini hadi tofauti isizidi mm 0.1 kwa kila mm 100. Hapo kosa la pua linashuka hadi mm 0.006.

Hatua ya 6: Kiasi cha kusukuma

Fremu B na C zikining'inia huru, mabapa membamba yanashuka mm 2.2 kwa uzito wao. Ni kawaida. Kuanzia hapo, kila mm 1 mkono unaposhuka baada ya pua kugusa, pua inasukuma kwa nyutoni 4.4.

Kwa kutia alama za vituo, ambapo pua haitelezi, shuka mm 4.5: nyutoni 20, na kifaa kinatulia kabisa. Kwa kunakshi, ambapo pua inateleza, shuka mm 2 tu, nyutoni 9. Ukizidisha, msuguano unauvuta mkono nyuma. Asetali juu ya shaba hukwama kwa takriban sehemu 0.2 ya nguvu ya kusukuma, yaani nyutoni 1.8. Gawanya kwa ule ukakamavu wa pembeni uliopima hatua ya 1. Ukiwa 40, ncha inachelewa mm 0.045 kwenda, na mm 0.045 upande wa pili ikirudi. Matokeo yake ni herufi O isiyofunga na pembe za E zilizolegea. Dawa ni kupanga njia ili mistari yote ichorwe kwa mwelekeo mmoja, na ncha inyanyuke kabla ya kugeuka. Kazi inachelewa kidogo, herufi zinafunga.

Hatua ya 7: Jaribio

Gusisha dayo geji chini ya koleti. Shusha kwa mm 0.05 kila mara kutoka juu hadi chini, kisha rudi, ukiandika kila usomaji. Kwa geji ya mm 0.001, tofauti ya kushuka na kupanda nukta ileile isizidi mm 0.003. Ikifika mm 0.01, kaza mkanda au skrubu za puli. Ikiwa namba zinaruka ovyo, gololi imegandishwa vibaya au klampu moja haijakaza.

Kisha zungusha spindeli kwa mkono ukiwa na geji kwenye shina la ncha. Ikiyumba zaidi ya mm 0.02, safisha koleti na koni yake. Chembe moja inatosha kuharibu. Ncha nyembamba ya kabaidi haisamehi yumba hiyo.

Hatua ya 8: Sifuri na kukata

Washa spindeli dakika 15 kabla ya kutafuta sifuri, ipate joto lake. Izime, shusha pua juu ya kibao kwa mbano uleule wa kazi, kisha shusha ncha kwa mm 0.005 hadi iguse. Kwa shaba, tumia umeme wa volti 5 wa Uno: klipu moja kwenye kibao, nyingine kwenye ncha yenyewe, si kwenye mwili wa spindeli, kwa sababu beringi hazipitishi umeme kwa uhakika. Kwa mpingo, tandaza kipande cha foili ya jikoni chini ya pua na ncha, ukitumia klipu zilezile. Pua na ncha zote ziko juu ya foili, kwa hiyo unene wake hauingii kwenye hesabu, mradi isiwe na mikunjo.

Kwa ncha ya V ya digrii 60 yenye kikomo cha mm 0.1, kina cha mm 0.10 kinatoa mstari wa upana wa mm 0.22, kina cha mm 0.15 kinatoa mm 0.27. Jicho la mteja linaiona tofauti hiyo kwenye jina lake. Shaba ikate mara mbili, mm 0.05 kila mara, mizunguko 20,000 kwa dakika, mwendo wa mm 150 hadi 200 kwa dakika.

Mpingo ni mti mzito, unazama majini, na una mafuta yanayoganda kwenye ncha. Futa ncha kwa spiriti mara kwa mara. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na chembe za shaba zinaruka machoni: barakoa na miwani ni lazima, na bomba la kufyonza vumbi liwe karibu na pua.

Yanayoharibika na chanzo chake

Kina kinapungua katikati ya mstari: chembe imeingia chini ya pua. Puliza, lakini toa kwanza maji kwenye tangi la kompresa. Kwa unyevu wa Mtwara linajaa haraka, na maji yakitua kwenye mabapa yameshaanza kutu.

Kina kinabadilika taratibu saa nzima: joto la mota au la spindeli.

Mawimbi madogo ndani ya mstari: klampu imelegea, au mwendo ni wa kasi kuliko mkono unavyoweza kutulia.

Ncha kuvunjika umeme unapokatika: mikono isiyo na breki hulegea na kuanguka juu ya kazi. Weka UPS ya kutosha dakika chache, na programu inayoinua ncha kwanza, kisha mkono, mara umeme wa ukutani unapopotea.

Bapa kukatika ghafla: karibu kila mara ni kutu. Kitundu kidogo cha kutu ukingoni mwa klampu ndipo ufa unapoanzia, na huwezi kuuona bila kufungua. Jioni pangusa mabapa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na kifaa kisicho kazini kikae kwenye boksi lenye pakiti za silika. Wakati wa masika fungua klampu kila mwezi, sugua ukingo kwa ukucha, na bapa lenye alama inayonasa ukucha libadilishwe pamoja na mwenzake wa jozi.